Kata Kushoto, Kata Kulia

Mimi sisimulii ya kuambiwa. Wale wa "binamu yangu alimjua mtu aliyemwona jini," hao wapelekeni mbali. Mimi nilikuwepo. Niliona kwa macho haya mawili, nikasikia kwa masikio haya, nikanusa kwa pua hii ambayo inajua petroli iliyochakachuliwa gari likiwa bado mtaa wa tatu. Anayebisha aje gereji nimwonyeshe mahali penyewe. Oili iliyomwagika pale ilikuwa nyingi kiasi kwamba mende wa eneo lile mpaka leo wanatembea wakiteleza.

Na niseme mapema: mashetani siyaogopi. Nayadharau. Jini lenye akili zake, linaloweza kukaa kwenye jumba la dhahabu chini ya maji, lije likae kwenye gari kuukuu lenye viti vilivyotoboka? Hilo si jini. Hilo ni mpangaji aliyefukuzwa.

Ndivyo nilivyomwambia mdogo wangu jioni ile alipoingia gereji na lile gari.

Mdogo wangu ni msichana, wa mwisho nyumbani, ndiyo maana tunamwita Kitinda. Anashona sare za shule. Ni fundi mzuri wa cherehani, lakini akili ya magari hana hata ya kujaza kisoda. Alikuwa amelinunua wiki mbili nyuma kutoka kwa mjane mmoja, bila kuniuliza mimi, kaka yake, fundi ambaye nikisikia injini inapiga kwenye ndoto ya mtu mwingine naweza kumwambia plagi ipi imekufa.

Jua lilikuwa linazama. Nilikuwa nafunga sanduku la spana. Nikasikia mlio.

Nguuuuuuuu...

Ni ule mlio wa pampu ya stelingi inayolia njaa. Ila huo ulizidi. Ulikuwa kama mgonjwa anayegeuzwa kitandani.

"Kaka, shikamoo."

"Marahaba. Hicho kikaango umekitoa wapi?"

"Usilitukane," akasema kwa sauti ya chini. "Linasikia."

Nikacheka mpaka ovaroli ikakatika kifungo.

"Stelingi imekuwa nzito," akasema. "Nikikata kona mpaka nisimame na miguu. Na kila asubuhi chini kuna oili nyekundu. Kaka, kesho alfajiri nampeleka Mama."

Hapo nikaacha kucheka.

Mama alikuwa na siku yake ya kupasuliwa jicho. Moja lilishakwenda zamani, hili lililobaki lilikuwa na ukungu. Tulikuwa tumesubiri zamu ya hospitali ile miezi saba. Ukikosa siku yako unarudi mwisho wa foleni, na daktari alishasema waziwazi kwamba jicho halina miezi saba mingine. Na hospitali iko ng'ambo ya mlima. Kufika huko unashuka mteremko wenye kona kumi na mbili, upande mmoja mwamba, upande wa pili hakuna kitu. Hewa tupu. Stelingi ikikugomea pale, hata kupiga kelele huwahi.

"Litakuwa tayari kabla hujamaliza kunywa maji," nikamwambia. "Fungua boneti."

"Kaka... unajua lilikuwa la nani?"

Nilijua. Mtaa mzima ulijua. Lilikuwa la Mzee Una-Hakika, tuliyempa jina hilo sisi mafundi. Alikuwa mzee mmoja mwembamba, saa yake anaivaa mkono wa kulia, goti lake bovu kalipaka dawa ya kuchua mpaka anatangulia kunukia yeye mwenyewe hajafika. Ukimfungia nati anauliza, "Una hakika?" Ukimwambia ndiyo, anauliza tena, "Una hakika?" Sisi tulikuwa tunamsindikiza kwa vicheko mpaka getini.

Alifia kwenye ule mteremko, kona ya saba. Gari lilikwenda moja kwa moja likajikita kwenye ukingo. Gari lenyewe lilipata mkwaruzo tu. Yeye alikutwa ameshika stelingi kwa mikono yote miwili, ameikata mpaka mwisho, hapumui, moyo umesimama.

Tangu hapo watu wakaanza maneno. Oo, gari lina mtu. Oo, limefungwa na wachawi. Mjane akaliuza kwa haraka. Na mdogo wangu, mwerevu wetu, akalinunua.

Nikaingiza kichwa kwenye boneti na tochi.

Wala sikuhitaji mganga. Stelingi ina mipira miwili mikubwa. Mmoja unarudisha oili kwenye kidumu chake, huo ni mpole, unaweza kuufunga hata kwa klipu ya kawaida, ile pete ya chuma inayokazwa kwa skrubu. Mwingine ni mpira wa presha, unatoka kwenye pampu. Huo una nguvu ya farasi mwenye hasira. Vichwa vyake vya chuma hubanwa kwa mashine. Fundi yeyote anajua, hata yule anayejifunza kwa kuchungulia: mpira wa presha haufungwi klipu.

Nikaangaza.

Klipu mbili.

Mtu alikuwa ameukata mpira wa presha pale ulipopasuka, akachomeka kipande cha bomba katikati, akabana na klipu mbili zenye vichwa vya bluu. Oili ilikuwa inatokea hapo, tone... tone... tone... kama pua ya mtoto mwenye mafua.

"Kaptula!" nikapiga kelele.

Kaptula alikuwa fundi mwenzangu, gereji yake ilikuwa ng'ambo ya barabara. Alivaa kaptula mvua na jua. "Hii ni kazi ya Kaptula! Ona! Huyu mtu angekuwa daktari angeshona watu kwa kandambili! Ndiye alikuwa anamtengenezea yule mzee. Mimi nilisema, nikasema, mtaa mzima nikauambia: Kaptula atamaliza watu!"

"Kaka, sasa tunafanyaje?"

Sasa, njia ya haki ilikuwa moja. Kuchomoa mpira wote, kuupeleka kwa Bwana Mashine, yule anayebana mipira ya matrekta, na kumwomba atengeneze mpya. Ila Bwana Mashine na mimi tulikuwa hatusalimiani. Niliwahi kusema mbele ya watu kwamba yeye ni fundi wa vyombo ambavyo haviwezi kumkimbia hata kobe. Kumwomba mtu kama huyo? Mimi?

Nikavuta kopo langu la klipu. Nikazing'oa zile mbili, nikachagua nne. Zilifanana na zile za Kaptula kama mapacha, bluu kwa bluu. Nikamwambia Kitinda, "Unaona? Hata klipu aliniibia."

Kama mbili zinavuja, nne hazivuji. Hiyo ni hesabu. Nikazikaza mpaka bisibisi ikapinda. Kwa nguvu niliyotumia pale ningeweza kukamua maji kwenye tofali.

"Zitashika?" Kitinda akauliza.

"Hapo nimebana mpaka Kiama. Ingia ndani, tutoe hewa."

Kutoa hewa ni hivi, kwa faida ya msiojua, na najua ni wengi. Ukifungua mipira, hewa inaingia. Basi unanyanyua magurudumu ya mbele kwa jeki, injini ukiwa umeizima, mmoja anakaa ndani anakata stelingi mpaka mwisho huku na huku, mwingine anasimama mbele anaangalia mapovu kwenye kidumu na kuongeza oili. Boneti ikiwa juu, wewe wa mbele humwoni wa ndani. Mnaelewana kwa sauti tu.

Kitinda akaingia. Mlango ukafungwa.

"Kata kushoto."

Magurudumu yakaenda kushoto. Bwoko... bwoko... mapovu yakapanda.

"Kata kulia."

Yakaenda kulia. Bwoko... bwoko...

Giza lilikuwa limeshaingia. Umeme ukakatika mtaa mzima, kama kawaida yake, hauna adabu. Nikabaki na tochi mdomoni, na mimi hata tochi ikiwa mdomoni sinyamazi. Nikaendelea kumchambua Kaptula. Nikaanza na kaptula zenyewe, nikaenda kwenye miguu, nikafika kwa ukoo. Nadhani Kitinda alisema kitu hapo katikati. Nikasikia kama "...oili inaisha... naenda..." Sikujali. Mimi nikiwa naongea huwa sipokei simu za nje.

"Kata kushoto."

Yakaenda kushoto. Polepole. Taratibu nzuri kabisa, bila kushtua. Nikashangaa, Kitinda amejifunza lini ustaarabu?

"Kulia."

Bwoko...

"Mpaka mwisho."

Yakaenda mpaka mwisho. Yakatulia. Halafu nikasikia harufu.

Dawa ya kuchua.

Ile kali, inayowasha macho. Nikasema moyoni, gari limelowa dawa ya yule mzee miaka yote, sasa kiti kimepata joto. Nikaendelea.

"Kushoto tena."

Hayakwenda.

"Kitinda! Kushoto!"

Kutoka nyuma ya boneti ikaja sauti ndogo, kavu, kama karatasi inayokunjwa.

"Una hakika?"

Nikakasirika. Kwa kweli nilikasirika. Mdogo wangu wa kumbeba mgongoni ananiigizia marehemu gizani!

"Acha ujinga wako! Kata kushoto!"

Magurudumu yakaanza kwenda. Yakasimama katikati.

"Una hakika?"

"Nimeshasema nimebana mpaka Kiama!" nikafoka. Tochi ikaniponyoka mdomoni, ikagonga pampu.

Hata mbwa wa jirani, ambaye hubwekea kivuli chake mwenyewe, alinyamaza. Harufu ikazidi. Ikawa kama mtu amesimama karibu, ameegemea, anapumulia mkono wangu.

"Hayo maneno," sauti ikasema, "nilishayasikia."

Mimi si mwoga. Nikaokota tochi. Kati ya boneti na kioo cha mbele kuna upenyo, mwembamba wa vidole viwili. Nikainama. Nikaelekeza mwanga.

Niliona stelingi.

Niliona mikono miwili juu yake.

Kitinda ana vidole vifupi, vimejaa alama za sindano. Mikono ile ilikuwa mirefu, imekauka, mishipa juu kama mizizi. Kucha zimekatwa vizuri. Na saa ilikuwa imefungwa mkono wa kulia...

"Kaka!"

Sauti ilitoka nyuma yangu.

"Kaka, duka la spea wamebakiwa na chupa moja tu."

Nikageuka. Kitinda alikuwa amesimama getini, na chupa ya oili mkononi.

Na nyuma ya boneti, stelingi ikakatwa. Taratibu. Mpaka mwisho.

Bwoko... bwoko... bwoko...

Watu walisema baadaye nilikimbia. Waongo. Nilitembea kwa haraka, basi. Ndiyo, kuna mbwa wawili waliokuwa wanafukuza pikipiki nikawapita, lakini walikuwa mbwa wazito. Kitinda alinikuta kwenye kona ya duka, nimeshika nguzo, naikagua kama imesimama sawasawa.

"Nani alikuwa anakata stelingi?" nikamuuliza.

"Si nilikuambia naenda duka la spea? Nilikuambia mara mbili! Ulikuwa unamtukana Kaptula."

"Nimekuuliza, nani?"

Alikuwa ameanza kuelewa. Msichana yule akanishika mkono wa ovaroli akanirudisha. Sikuwa na la kufanya. Ningemwachaje mdogo wangu aende peke yake?

Gereji ilikuwa kimya. Tulizunguka gari kwa mbali kwanza. Kiti cha dereva hakikuwa na mtu. Mlango ulikuwa umefungwa. Chini ya gari oili yote ilikuwa imemwagika, dimbwi jekundu linameremeta kwenye tochi. Nikachungulia kwenye mpira wa presha. Kile kipande cha bomba kilikuwa kinaning'inia wazi. Klipu hazipo. Hata moja.

"Kaka," Kitinda akanong'ona. "Njoo uone."

Zilikuwa juu ya kiti cha dereva, zote nne, zimepangwa mstari. Na sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo fundi yeyote anakosa usingizi. Zilikuwa zimekazwa. Hakuna skrubu iliyolegezwa. Kila moja ilikuwa duara dogo, dogo vilevile kama nilivyoibana kwenye mpira. Nieleze wewe mwenye shule. Pete inatokaje kwenye kidole ambacho hakijakatwa?

Kitinda aliziangalia. Kisha akaniangalia mimi, si kama mdogo wangu. Kama Mama.

"Kaka, niambie ukweli. Usinipe maneno. Huo mpira na hizo klipu zako, kesho kona ya saba, Mama akiwa nyuma... ungeshika?"

Nilifungua mdomo. Hebu fikiria, mimi, mdomo huu! Nilikuwa na majibu kumi na manne yamepanga foleni. Harufu ya dawa ya kuchua ilikuwa bado ipo, hafifu, inasubiri.

"Hapana," nikasema.

Harufu ikakatika. Kama mtu amefunga mlango.

Nilichomoa mpira wote kwa dakika tano. Tukaenda kwa Bwana Mashine, anayelala chumba cha nyuma ya karakana yake. Nikagonga. Akatoka na fulana, mswaki mdomoni.

"Ee," akasema. "Leo wewe umemkimbilia kobe?"

"Nimekosa, ndugu yangu. Nisaidie. Ni kwa ajili ya Mama."

Sikurudia tena, na hamtanisikia nikirudia. Akauchukua mpira, akaugeuza chini ya taa ya betri.

"Nani alikata mpira wa presha akachomeka bomba? Huyu ni wa kufungwa."

"Kaptula," nikasema.

"Kaptula?"

Akaniangalia muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Halafu akawasha jenereta, akakata mpira mpya, akabana vichwa vyake kwa mashine. Kra. Kra. Vilikaa kama vimezaliwa hapo. Nilirudi nikaufunga mwenyewe, tukajaza chupa ile moja, tukatoa hewa. Safari hii boneti niliishusha nusu, nikamwambia Kitinda aimbe muda wote. Anaimba vibaya kama bawaba, lakini sijawahi kusikia muziki mtamu kuliko ule. Tulipowasha injini, pampu haikulia. Usukani ulizunguka kwa kidole kimoja.

Alfajiri wakaondoka, Mama kiti cha nyuma, amejifunga kanga mbili. Mimi nilibaki, nina kazi nyingi. Kitinda alinisimulia. Kona ya kwanza mpaka ya sita, salama. Ya saba kulikuwa na ukungu na lori limeharibika katikati ya njia. Akalikuta ghafla. Akakata stelingi kwa nguvu zake zote, na stelingi ikaja... nyepesi. Anasema ilikuja nyepesi kupita mkono wake. Kama kuna mwingine aliyeanza kuikata kabla yake.

Walipita katikati ya lori na ukingo. Kioo cha pembeni kikabaki pale.

Mama alipasuliwa. Kesho yake wakarudi, bandeji jichoni, haoni hata mwanga. Nikamshika mkono kumteremsha. Akasimama, akageuza kichwa nyuma, kwenye gari tupu.

"Na huyu mzee mliyempa lifti," akasema, "mbona hamumsaidii kushuka? Analalamika goti."

Kitinda na mimi hatukuangaliana.

Jicho lilipona. Sasa Mama anaona doa kwenye shati langu kutoka upande wa pili wa uwanja, balaa tupu. Gari bado linatembea na halijadondosha tone. Kuna wanaosema yote yalikuwa kiwewe, nilinusa dawa iliyobaki kwenye viti na giza likanimalizia. Wajinga. Mimi nasema niliyoyaona. Mikono niliiona. Klipu ninazo, ziko kwenye kopo, duara zilezile, njooni mzijaribu.

Yote niliyosimulia ni kweli... isipokuwa moja.

Kaptula hakuwahi kuligusa lile gari.

Nilimsema mtaani mpaka wateja wakamkimbia, akafunga gereji, akahama, sijui yuko wapi. Kila aliyeuliza nani alimtengenezea marehemu, nilimtaja yeye. Nimemtaja mara nyingi mpaka hata jioni ile, nilipoangaza tochi nikaona zile klipu mbili za bluu, jina lake ndilo lililotangulia mdomoni. Lakini mji huu mzima klipu za bluu nilikuwa nazo mimi tu. Mpira ule niliukata mimi. Bomba nilichomeka mimi. Yule mzee alisimama pale pale, ameshika goti, akaniuliza mara mbili, na mara zote mbili nilimcheka, nikamjibu mpaka Kiama.